Tovuti ya Fundi wa Shela

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja hapa Babati nikisubiri kutolewa kopi. Mbele yangu mama mmoja, fundi wa shela za harusi kutoka Maisaka, alikuwa akionyeshwa tovuti anayotengenezewa. Fundi wa kompyuta alikuwa ameijaza picha za mabibi harusi wa Kizungu.

"Hizi sikushona mimi," mama akasema. "Mteja akija anaitaka hii, nimwambie nini?"

"Lakini mama, zinavutia."

Mama akatoa simu yake, akamwonyesha picha za wateja wake. "Weka huyu."

Fundi wa kompyuta akasita. "Huyu si mnene sana?"

"Ni mnene, ndiyo. Tazama shela ilivyomkaa."

Dada mmoja mwenye mwili mkubwa akatoka kwenye foleni, akainamia kioo cha simu.

"Shikamoo mama. Hii umeshona wewe? Duka lako liko wapi?"

"Marahaba mwanangu." Kisha akamgeukia fundi wa kompyuta. "Umesikia anachouliza? Hicho ndicho uandike juu kabisa."

Nimehudhuria semina za biashara zisizofikia somo hilo. Mama na yule dada walitoka pamoja kwenda kuchukua vipimo vya shela, na tovuti yenyewe ilikuwa bado haijaingia hewani.