Giaboksi Kwenye Chumba cha Binti

Kilima kile Sista alikuwa amekipanda kwa gari lake miaka ishirini na sita, na siku zote gari lilinung'unika kidogo tu, kisha likapanda. Siku hiyo injini ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na gari likabaki linatambaa. Alipokanyaga mafuta zaidi, kelele ziliongezeka, mwendo ukabaki uleule. Nyuma yao lori likapiga honi. Sista akasogea pembeni ya barabara, akavuta breki ya mkono.

"Gia inateleza," akasema.

"Au ni joto tu," akajibu mumewe, aliyekuwa amekaa kando yake. Huyu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na watu wote walimwita Mwalimu, mkewe akiwamo.

Sista hakubishana naye. Alishuka, akafungua boneti huku injini ikinguruma, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakipangusa, akakichovya tena. Mafuta yale yanatakiwa yawe mekundu ya kung'aa. Aliyoyaona yalikuwa ya rangi ya kahawia, na aliponusa akakunja uso. Yalikuwa yameungua. Harufu hiyo aliijua tangu kazini, pale daktari anapoziba mishipa ya damu kwa moto wa umeme.

Maana Sista alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kupanga vyombo, kumpa daktari anachotaka kabla hajamaliza kukitaja, na kuvihesabu vyote kabla ya mgonjwa kushonwa. Gari lenyewe, saluni ya rangi ya maziwa iliyotengenezwa yeye akiwa bado msichana, alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anastaafu. Wengine walilipenda kwa urembo wake. Yeye alilipenda kwa sababu ni otomatiki. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa na miaka minne, na haukuwahi kupata nguvu ya kukanyaga kitu.

Gereji alikozoea ilikuwa ya fundi mmoja mnene, mpole, anayeitwa Ndevu. Alilijaribu gari mtaa mmoja tu, akarudi anatikisa kichwa.

"Sista, nisikufiche. Giaboksi imekufa. Tutoe hii, tukutilie ya mkono. Wiki moja nimemaliza."

"Na klachi niikanyage kwa mguu gani?"

Ndevu akatazama viatu vyake. "Samahani, Sista. Nimepitiwa."

"Haidhuru. Niambie njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa kutafuta giaboksi kuukuu ya aina hiyohiyo, lakini Ndevu mwenyewe alikiri kwamba hata muuzaji hajui imetembea kiasi gani. Na fundi pekee mjini aliyekuwa akizifungua alifunga karakana yake mwaka juzi, akahamia kwa wanawe.

"Wewe huzifungui?"

"Niliwahi kufungua moja," akasema Ndevu, akionyesha gunia lililokuwa pembeni. "Ile pale. Kuvitoa vitu nilivitoa. Kuvirudisha, ngoma ikawa nzito."

"Naomba niione."

Ndevu alidhani ni utani. Lakini Sista alivuta kreti, akaketi, akaomba ndoo ya mafuta ya taa na brashi, na asubuhi nzima akawa anatoa kipande kimoja kimoja, anakisafisha, anakigeuza. Zilikuwamo pleti za klachi, nyembamba kama biskuti, moja ya chuma, moja yenye kitambaa kigumu. Palikuwa na mkanda wa chuma unaobana ngoma. Palikuwa na sili za mpira zilizokauka mpaka zikawa zinavunjika mkononi. Halafu lilikuwapo bamba zito lililochimbwa vijia vingi vya kupitisha mafuta, na ndani ya vijia hivyo gololi ndogo za chuma. Kufikia saa sita alikuwa amekwisha kuelewa jambo moja: hapa hapakuwa na uchawi. Palikuwa na usafi, mpangilio, na kukumbuka nini kilitoka wapi. Hayo matatu ndiyo yaliyompatia mkate maisha yake yote.

Nyumbani Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Umewahi kufungua hata redio?"

"Sijawahi."

"Sasa?"

"Nimesimama mbele ya matumbo ya watu yaliyo wazi miaka thelathini na moja, Mwalimu. Nilijua kila chombo kiko wapi."

"Ndiyo. Lakini hukuwa wewe unayekata."

Hakusema kwa ubaya, ila neno lile lilimchoma. Sista alitoka nje, akaenda kukaa ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani. Ni kweli hakuwahi kukata. Mara ngapi aliona mkono wa daktari unasita, na yeye akajua hatua inayofuata, akanyamaza kwa kuwa kunyamaza ndiyo ilikuwa nafasi yake? Alijiuliza, akikosea hapa, kitatokea nini? Akacheka peke yake. Giaboksi ilikuwa imekwisha kufa. Akishindwa, itabaki ilivyo. Katika kazi yake yote hakuwahi kupata mgonjwa wa namna hiyo.

Alirudi ndani akiwa amekata shauri, na shauri lenyewe lilikuwa na mipaka. Kuishusha giaboksi na kuipandisha ilikuwa kazi ya Ndevu na wenzake, maana ni mzigo wa watu wawili. Sehemu ya chuma mfano wa sufuria iliyofungwa mbele ya giaboksi, inayopokea nguvu ya injini, haifunguki nyumbani; hiyo ingepelekwa kiwandani ikakatwe na kusafishwa. Kila kitu kilichobaki kilikuwa chake.

"Ukikwama?" Ndevu akauliza kesho yake, alipoelezwa mpango huo.

"Nitakuambia mwenyewe kwamba nimekwama, kabla hujaniuliza."

Chumba alichokichagua kilikuwa cha binti yao, aliyekwisha kuolewa. Alikiosha kwa sabuni tangu dari, akaondoa pazia na zulia, akatandika shuka jeupe juu ya meza. Matambara yanayotoa nyuzi alipiga marufuku, na viatu pia. Mwalimu akapewa kazi mbili: kusoma kitabu cha matengenezo kwa sauti, na kushika tochi, ile yenye sumaku kitakoni. Kusoma alisoma vizuri, isipokuwa kila ukurasa alisimama kulalamika kwamba aliyekiandika hajui kutumia mkato.

"Mwalimu, hatumsahihishi. Tunamfuata."

Siku kumi na moja walifanya kazi hiyo, asubuhi mpaka saa nane, kisha mlango unafungwa kwa ufunguo. Kila kipande kilipigwa picha kwa simu kabla ya kutoka, kikawekwa kwenye sinia lenye namba. Pleti mpya zililowekwa kwenye mafuta usiku kucha. Sili mpya alizivalisha kwa vidole, taratibu, akizipaka mafuta kwanza. Springi moja kubwa ilimshinda kuibana. Akampigia simu Ndevu bila kuona haya, naye akaja na kifaa chake, akaibana, akaondoka akishangaa kwamba amevuliwa viatu mlangoni.

Siku ya tisa walifikia lile bamba la vijia. Gololi zilitoka saba. Sista aliziweka moja moja mahali pake kwa koleo ndogo.

"Sita," akasema, akatazama kwenye kisahani. Kilikuwa kitupu.

"Si kagololi tu?" Mwalimu akasema. "Tununue nyingine."

"Na hii imeingia wapi? Ikiwa ndani ya giaboksi, itasagwa pamoja na kila kitu. Hatufungi. Hakuna mtu kutoka chumbani."

Mwalimu alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza akaona walichokiona madaktari. Walikung'uta shuka. Walipekua mifuko. Mwalimu akapiga magoti, akamulika chini ya meza, akamulika nyuma ya mlango, kijasho kinamtoka.

"Simama hivyohivyo," Sista akasema ghafla. "Usigeuke."

Akainama, akabandua gololi kwenye kitako cha tochi, ilikojinasia kwa sumaku. Mwalimu aliitazama, kisha akaitazama tochi, kisha akaketi sakafuni akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Saba," Sista akasema, akaendelea na kazi.

Ndevu alipopandisha giaboksi na kutia mafuta mapya, mafundi wote waliacha kazi zao wakaja kusimama. Sista aliwasha, akasubiri, akatia gia ya kurudi nyuma. Gari likaitika hapohapo, bila kusita. Mtu mmoja akapiga mluzi. Lakini walipotoka barabarani, gia ya pili iliingia kwa kishindo, kichwa cha Ndevu, aliyekaa kando yake, kikayumba.

Sista akarudi gereji, akazima injini. "Mkanda umelegea. Skrubu yake iko nje, ubavuni. Ingia chini."

Ndevu akaingia.

"Legeza nati ya kufungia. Kaza skrubu robo mzunguko. Robo tu, nimesema. Basi. Shikilia hapo, funga nati."

"Tayari, Sista," sauti ikasema kutoka chini ya gari.

Ndipo alipogundua kwamba ni yeye aliyekuwa anaagiza, na mwingine ndiye aliyekuwa anatii. Alijisikia vizuri kuliko alivyotarajia.

Jumapili walikwenda kwa dada yake mkubwa, ng'ambo ya kilima. Gia ziliingia moja baada ya nyingine, laini, ukizisikia kwa sauti ya injini tu. Mwalimu huwa hasinzii garini hata kwa dawa. Safari zake zote hukanyaga breki ambayo haipo. Walipofika kileleni Sista aligeuka kumwambia kitu, akamkuta kaegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma.

Hakumwamsha. Alishusha kioo chake kidogo, akaongeza mwendo.