Mashavu Yangu na Mbuzi wa Ntheo

Shule niliacha darasa la pili, lakini kuuza mbuzi hakuna aliyenishinda Ikutha nzima. Kilichonishinda ni pumu. Miaka ya themanini daktari mmoja Kitui alinipa vidonge vya siku tano. Nikapumua kama kijana. Nikajiambia, kama siku tano ni tamu hivi, mwaka je? Kila nilipopeleka mbuzi Makindu nikawa nanunua vingine dukani, bila kuuliza mtu.

Mashavu yakajaa. Sokoni wakasema, "Mzee sasa anakula vizuri, tazama uso!" Na mimi nikatae kwa nini? Nilinunua hata kofia kubwa zaidi.

Halafu mdomo ukaota utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Kumeza mate ikawa kumeza miiba. Sikumwambia hata mke wangu. Mtu kama mimi nilie sababu ya ulimi!

Ikafika siku ya ntheo, sherehe yetu Wakamba ya kufunga posa ya binti yangu, wakwe wakaleta mbuzi. Kwetu baba asipoila hiyo nyama, amemkataa kijana, hakuna ndoa. Nikapewa kipande. Nikatafuna, nikakigeuza, nikakitemea kiganjani. Babake kijana akaniona. Akaweka kisu chini.

"Mzee, kama kijana wetu hatoshi, sema tu. Tutashika njia."

Binti yangu alisimama mlangoni pa jikoni na sinia, haendi mbele, harudi nyuma. Ndipo nikafungua mdomo, wakwe wote wakachungulia.

Shangazi wa kijana alikuwa nesi. Akauliza nameza dawa gani. Nikamwonyesha, nikamwambia ni mwaka sasa.

"Mwaka mzima? Mzee, hizi ni steroidi. Zinatuliza pumu, lakini zinailaza kinga ya mwili. Kinga ikilala, fangasi inajilimia shamba mdomoni. Na hayo mashavu si utajiri, ni vidonge."

Wakacheka wote, hata mke wangu, na ndiye aliyekuwa akiyasifu hayo mashavu.

"Basi nivitupe leo?"

"Usithubutu! Mwili umeshavizoea. Daktari akupunguzie pole pole, akupe na dawa ya fangasi."

"Sawa. Nileteeni supu ya huyo mbuzi," nikasema. "Iliyopoa."

Nikamaliza bakuli zima, machozi yananitoka, namwangalia babake kijana machoni. Akaokota kisu chake, akaendelea kukata nyama.