Stuli ya Shangazi Nyuma ya Pazia

Mimi ni fundi seremala wa jukwaa la chuo, na wanafunzi wa tamthilia siwapendi. Nasema mapema ili tuelewane. Wanakanyaga rangi mbichi, wanakalia viti nilivyotengeneza vya kutazamwa tu, halafu wanakuja na sura ya upole: "Samahani fundi, kimevunjika chenyewe." Lakini Shangazi nilimpenda, na habari zake nazisimulia mimi kwa sababu yeye mwenyewe angejifanya hakuna kilichotokea.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila chuo kizima kilimwita hivyo. Mchana alikuwa karani wa idara: anapiga chapa miswada, anatoa nakala, anawafokea wachelewaji. Siku za maonyesho, ikikaribia saa kumi jioni, anafunga ofisi, anavaa raba zisizo na kelele, anakwenda kukaa kwenye stuli nyuma ya pazia la kushoto. Mswada mapajani, tochi ndogo mkononi. Mwigizaji akisahau maneno, Shangazi anamnong'oneza. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa bila malipo.

Mumewe alishafariki, binti yake kaolewa mbali. Siku moja tunakunywa chai kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi akaniambia, "Fundi, nyumba yangu ni ile stuli. Huko kwingine napita tu."

Msimu ule idara ilipanga michezo minne, miwili ya kale na miwili iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Ule wa kale wa kwanza ulipita salama salimini. Wa pili ulikuwa wa binti wa mwaka wa tatu, mwembamba, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Aliandika habari za baba aliyeachishwa kazi ambaye kila asubuhi anavaa sare na kutoka nyumbani kana kwamba bado ameajiriwa. Mchezo mzuri, sikatai. Tatizo la huyo binti lilikuwa moja: kufuta. Leo anahamisha maneno, kesho anayarudisha, yote kwa penseli, katikati ya mistari.

Kwenye mazoezi ya mwisho, kijana aliyecheza baba, tuliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, alisahau maneno kwenye tukio la pili la mchezo. Shangazi akampa. Kumbe alimpa ya mswada wa kwanza, aliouchapa mwenyewe, na maneno hayo yalikwishahamishiwa mwisho kabisa. Pale kwetu Shangazi akisema, umesema mswada. Mlingoti akayatamka bila kusita. Aliyecheza mke akaona hapo pamefika mwisho, akajibu ya mwisho. Basi baba akakiri, akasamehewa, akakumbatiwa, na mchezo wa saa moja na nusu ukaisha kwa dakika ishirini.

Watu walicheka hadi machozi. Mwalimu aliyeongoza mchezo naye akacheka, akasema kosa ni la karatasi kuchafuka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilimwona Shangazi akiinua ule ukurasa mpaka ukagusa pua.

Nikamfuata nyuma ya mandhari ya mbao niliyokuwa naipigilia misumari. "Shangazi, macho vipi?"

"Mtoto wa jicho. Yote mawili." Akasema kama anayetaja bei ya sukari. "Daktari anataka kunipasua tangu mwaka jana."

"Sasa unangoja nini? Na ule mchezo wa kwanza uliusomaje?"

"Michezo ya kale ninayo kichwani. Nikienda kupasuliwa sasa msimu utanipita, na nikirudi nitamkuta mtu kwenye stuli yangu. Wala usiniangalie hivyo. Ukimwambia mwalimu, mimi na wewe basi."

"Mficha uchi hazai, Shangazi."

"Mimi nimeshazaa, inatosha."

Nikarudi kwenye misumari yangu, siri nikaitunza. Hatukujua kwamba yule binti mwandishi alikuwa upande wa pili wa zile mbao, anaokota karatasi zake, na kasikia yote. Akaenda kuwaambia wenzake, wakala kiapo kwamba hakuna atakayesahau hata herufi. Wakafanya mazoezi kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, kila mmoja akajifunza na maneno ya mwenzake. Binti akaitupa penseli. Maonyesho manne yakapita bila mtu kujikwaa, mwalimu akawa anatembea kifua mbele, na mimi mjinga nikaona wamefanya jambo la maana.

Baada ya onyesho la nne nilimkuta Shangazi bado kakaa, tochi imezimwa.

"Wanajua," akasema. "Siku nne, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa neno? Watoto wa watu hawako hivyo. Wananibeba kama yai. Sasa nakaa hapa kufanya nini, fundi? Nimekuwa pambo." Akalia kidogo, kimyakimya.

Nilikwenda kumgombeza yule mwandishi. Naye akaanza kulia. "Sasa tufanyeje, fundi?"

"Sijui. Mimi ni mtu wa misumari."

Kesho yake ikawa onyesho la mwisho. Palipofika pale baba anapopaswa kumwambia mkewe ukweli, Mlingoti akanyamaza. Nikaelewa: amenyamaza makusudi, ili Shangazi apate kumpa neno. Nami nikamwombea Shangazi aipokee nafasi hiyo.

Shangazi aliinamisha kichwa, akasikiliza pumzi za yule kijana, na kwa miaka yote hiyo pumzi hazikuwahi kumdanganya. Kisha akasogea kwenye ukingo wa pazia. Nilikuwa hatua mbili tu, nikasikia.

"Hujasahau, mwanangu. Endelea."

Mlingoti akakiri kwa mkewe kwa sauti iliyokatikakatika, na watazamaji wakadhani ni ufundi wa kuigiza.

Pazia liliposhuka Shangazi hakungoja makofi yaishe. Akamwendea mwalimu mbele yetu sote, akasema kwa sauti yake ya ofisini, "Mwalimu, mimi sioni. Nimewaficha mwaka mzima. Michezo miwili iliyobaki, wekeni mtu mwingine." Mwalimu alitafuta mahali pa kukaa. Shangazi akapapasa mpaka akalipata bega la mwandishi. "Mwekeni huyu. Anapenda mno kufuta, akae pale ajue maneno yanavyoshikwa."

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi, mkoba wake mapajani mwangu. Muuguzi alipomwita, akasimama, halafu akakaa tena.

"Fundi, naogopa."

Hakunong'ona, korido nzima ilisikia. Nikamshika mkono, nikamwambia hata mimi naogopa, tukaenda pamoja hadi mlangoni.