Kiti cha Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja pale stesheni ya Malampaka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani treni ile ingetuacha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, na mfukoni nina tiketi mbili za viti vya dirishani. Nyuma yangu, hatua kama kumi hivi, alisimama mama mkwe wangu na mzigo wake wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, amejitanda khanga mpaka usoni. Tangu nimwoe binti yake hatukuwa tumewahi kutazamana, na wala hatukuwa na ugomvi. Kwetu Usukumani wakati ule mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa kupishana. Hamkai mkaelekeana, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Najua utacheka. Cheka tu, ila usiondoke, maana hadithi yenyewe haichekeshi.

Nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo huko Morogoro. Mke wangu Kabula alikuwa na mimba ya miezi sita, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Daktari alimwambia alale, asiinue hata ndoo ya maji. Mimi nashinda kazini, ndugu wote wako Usukumani, nani angempikia? Kabula aliniomba kitu kimoja tu. "Nifuatie mama," alisema. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja kwetu Lalago.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema huku mikono inafanya kazi nyingine. Siku hiyo alikuwa anasokota kamba ya kufungia ndama.

"Mama mkwe hasafirishwi na nkwilima peke yake," akasema. Nkwilima ndiye mkwe wa kiume. "Mchukue shangazi yako Holo akae katikati yenu."

Nami, msomi wa darasa la saba, nikamjibu, "Baba, hayo yalikuwa mambo ya watu wa kutembea kwa miguu. Siku hizi wameleta mabehewa mapya. Viti vina sponji, kila mtu na namba yake. Atakaa kama bibi harusi."

Baba akaikaza kamba. "Sikukuuliza habari za viti," akasema.

Lazima nikueleze habari za viti hivyo, maana ndivyo vilivyonipofusha. Zamani daraja la tatu lilikuwa la mbao. Mtu akitoka Mwanza mpaka Dar es Salaam alifika na mistari ya mbao makalioni, na siku mbili nzima alikula chakula amesimama. Mabehewa mapya yalipokuja, viti vyake vilikuwa vimevalishwa ngozi ya plastiki rangi ya damu ya mzee, ukikaa unazama kidogo. Watu walikuwa wanavibonyeza kwa vidole kabla ya kukaa, hawaamini. Mimi nilikuwa nimevipanda mara moja tu wakati wa kuja, na tangu siku hiyo sikuwa na mazungumzo mengine.

Pale Malampaka nikamwambia karani nataka dirisha, na mama naye apate dirisha. Karani akatazama karatasi yake. "Vipo viwili, ila vinatazamana. Sawa?"

"Sawa kabisa," nikajibu. Nikaona nimemfanyia mama mkwe jambo kubwa.

Tulipopanda nikatangulia, nikafika, nikakaa. Kiti chake nikamwonyesha kwa mkono, kwa kuwa kusema naye sikuweza. Akaja taratibu. Akakitazama kile kiti, akatazama cha kwangu, halafu akatazama ile nafasi katikati, ambamo magoti ya watu wawili yanakaribia kugusana. Akavuta khanga. Kisha akageuka, akaenda mpaka mwisho wa behewa, akauweka mzigo wake sakafuni karibu na mlango wa choo, akaukalia, akanipa mgongo.

Unajua nilihisi nini, mwanangu? Nilikasirika. Badala ya kuona haya nikaona nimedharauliwa. Nikasema moyoni, kiti nimempa, cha sponji, cha dirishani, yeye anataka sakafu. Na akae huko huko, atachoka atarudi.

Shinyanga akapanda mama mmoja muuza vitunguu, mwenye sauti ya sokoni. Kiti chake kilikuwa cha mwisho kabisa, kimegeukia ukuta wa choo. Alimwona mama mkwe pale chini, wakasemezana kidogo, kisha akaja kunisimamia.

"Kijana, yule mama ni nani wako?"

"Mama mkwe."

"Sasa wewe umekaa hapo umemkodolea macho, yeye akae wapi? Inuka. Nenda kakae kwangu, mimi nije hapa nikae naye."

Basi, mwanangu, mlango ulikuwa wazi, wa kuinuka tu na kutembea hatua ishirini. Nikamwambia, "Kiti chako kinanuka choo, mama. Na chake kipo hapa, hakuna aliyemfukuza." Yule mama akaniangalia kama mtu anayeangalia nyama iliyooza, akaondoka. Nami nikavua viatu, nikanyoosha miguu yangu juu ya kiti cha mama mkwe wangu. Kila abiria aliyekitaka nilimwambia kina mwenyewe.

Nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Treni ilipita Tabora, ikapita Manyoni na Dodoma, nami nililala usingizi wa mtoto mchanga, wakati yule mama kakunja miguu pale sakafuni, na kila anayekwenda chooni akimruka yeye anaikunja zaidi. Maji alikunywa kidogo mno. Yule wa vitunguu alimwachia nafasi akae kwake kwa zamu, mpaka aliposhuka, na kiti kikapata mwenyewe mwingine.

Tulipofika Morogoro hakuweza kusimama. Alijaribu mara mbili akishika ukuta, miguu ikakataa. Imevimba, ngozi inang'aa. Nami nilisimama pale na mikono yangu miwili mizima, mikono ya fundi, na sikuruhusiwa kumgusa. Ndipo nikaelewa kazi ya shangazi Holo. Wapagazi wawili, watu nisiowajua, ndio waliombeba mama wa mke wangu kumtoa ndani ya behewa, naye amejifunika uso kwa haya.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililoharibika halikuwa langu.

Daktari alisema damu imeganda mguuni, alale, mguu uinuliwe kwa mto. Basi nyumba yangu ya vyumba viwili ikawa na wagonjwa wawili, na yule niliyemleta auguze ndiye aliyehitaji kuuguzwa. Jioni ya pili nilisimama mlangoni nikamwambia Kabula aniulizie mama anaendeleaje. Akaingia, akatoka.

"Anasema wabeja, kiti kilikuwa kizuri."

Wabeja ni ahsante kwa Kisukuma. Kabula akanitazama. "Kama kiti kilikuwa kizuri, miguu imevimba kwa nini?"

Nikachukua ndoo, nikajifanya nakwenda bombani.

Majirani walisaidia siku tatu nne, na kila mtu ana kwake. Mimi nilirudi kazini, maana ruhusa ilikuwa imekwisha. Nikitoka tu, Kabula alikuwa anainuka. Angefanyaje, amsikie mama yake anaugulia chumba cha pili na yeye amelala? Alikuwa anachemsha maji, anamkanda mguu, anambeba kumpeleka chooni. Siku ya tisa mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kiume. Aliishi mpaka adhuhuri.

Daktari aliniambia pengine mimba ile isingefika hata kama Kabula angelala. Alikuwa mtu mwema yule daktari, na sijui kama alisema kweli. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu yalikuja hata kabla ya mtoto kupata jina.

Mama alipopata nafuu nilimrudisha nyumbani, na safari hiyo shangazi Holo alikuja kutuchukua. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anitukane, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Ulimpa kiti, hukumpa pa kukaa." Kisha akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Mama mkwe alitembea na fimbo mpaka alipofariki, miaka kumi na moja baadaye. Sikumwomba msamaha. Ningeweza kumtuma shangazi, ningeweza kupeleka mbuzi kama wazee wanavyofanya mtu akimkosea mkwe. Nilijiambia mila hairuhusu nimkabili. Umeona ujanja huo? Mila ile ile niliyoidharau kwenye treni ndiyo niliyoikimbilia kujificha.

Mungu alitupa binti baadaye, mmoja, Limi. Sasa yuko Dodoma na mume wake Deo, mwalimu, kijana mzuri asiye Msukuma. Mwaka jana tulitoka hapa Bariadi tunakoishi sasa kwenda kuwatembelea, na Deo akasema lazima tukaonwe na daktari wa macho Dar es Salaam, tena kwa treni mpya ya umeme. Mwanangu, nimekaa kwenye viti vingi, sijaona kama vile. Kichwa kina pa kuegemea, mkono una pake, simu ina pa kuchajia. Chupa ya maji imewekwa mezani na maji hayatikisiki. Deo alikuwa amechagua viti vinne vyenye meza katikati, viwili huku, viwili kule, ili familia tuongee.

"Mama, karibu dirishani," akamwambia Kabula kwa furaha. "Mimi nakaa hapa mbele yako, tupige stori mpaka Dar."

Kabula hakukaa. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, na nikaona mkono wake unaipandisha khanga taratibu kuelekea usoni. Siku hizi wengi hawayafuati haya, hata yeye nyumbani kwa Deo alikuwa anajitahidi. Lakini goti kwa goti na mume wa bintiye, saa zote hizo, hakuweza, na kusema hakuweza vilevile. Alisimama kama alivyosimama mama yake.

Nikawageukia wanafunzi wawili waliokaa nyuma yetu, nikawaomba tubadilishane. Walikuwa na vile vidude vya muziki masikioni, ikabidi niombe mara mbili. Nikamwambia Deo na Limi wahamie kule.

Deo akashtuka. "Nimekosea, baba?"

"Hukukosea. Hakuna aliyekuambia."

Kabula akakaa. Akaweka kiganja juu ya kiti, akakipapasa polepole. Treni ilikuwa imeshaondoka, ndipo akaniambia kwa Kisukuma bila kunitazama, "Kiti ni kizuri."

Miaka yote ile, mwanangu. Nikasema, "Nilinyoosha miguu juu ya kiti chake. Yule mama wa vitunguu alinipa nafasi ya kubadilishana, nikakataa."

"Najua," akasema. "Mama aliniambia mwaka aliofariki. Akanikataza kukuuliza. Alisema utasema mwenyewe."

"Mbona hukunisaidia kusema?"

"Nilikuwa nasubiri." Milima ya Kilosa ilikuwa inapita dirishani. "Na yeye alisubiri."

Nilimwomba msamaha pale pale, wanafunzi wakichezesha vichwa kwa muziki wao. Alinisikiliza. Hakusema amenisamehe na hakusema hakunisamehe. Treni iliposimama Morogoro dakika chache, aliuegemeza uso wake kwenye kioo. Mtoto wetu yuko pale. Sisi hatukushuka.

Basi haya ndiyo ninayokupa, mwanangu, na sina mengine. Viti vitaendelea kuwa vizuri, na ni haki yenu mkae vizuri, mimi si mzee wa kusifu mbao. Lakini ukimchukua mtu safarini, au ukimleta nyumbani kwako, muulize yeye anaweza kukaa wapi, tena na nani, na akishindwa kusema, mtazame mikono yake. Kuuliza si ujinga. Ukimpa mtu kitu kizuri akakikataa, usikimbilie kukasirika, jiulize umemwekea nini mbele yake. Mkubwa akikuambia neno lisilo na maana kwako, lifuate kwanza, utajua maana yake ukiwa njiani. Na ukishakosa, mwanangu, sema. Usingoje mpaka uliyemkosea awe kaburini, ukabaki kumwomba radhi binti yake mzee ndani ya treni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeloweshwa anastahili kusikia nani aliyamwaga.

Mungu akupe safari njema na wenzako wa safari. Akupe macho ya kumwona aliyekaa sakafuni, na miguu myepesi ya kuinuka. Wakwe zako wakuombee mema wakiwa bado na pumzi, na watoto wako wafike siku zao. Nenda salama, mwanangu, ng'wanawane. Kabula yuko ndani, pita umuage.