Mnamwitaje Nyumbani?

Muulize mtu yeyote aliyekulia katika mji ule, atakwambia sauti ya Mama Kipaza anaijua kuliko ya shangazi yake mwenyewe. Sura, hapana. Mwanamke mwenyewe mfupi, mkavu, ukipishana naye sokoni humwoni. Lakini mpe kipaza sauti, uone! Miaka kumi na minane alikaa kwenye kibanda cha mabati katikati ya bustani ya michezo ya watoto, mali ya manispaa, na kazi yake ilikuwa moja: kupokea watoto waliopotea na kuwatangaza. Humo ndani mlikuwa na benchi, ndoo ya maji yenye kifuniko, sanduku la viatu vilivyobaki mguu mmoja mmoja, na kipaza sauti cha mezani ambacho kitufe chake kilishachubuka rangi kwa kidole chake.

Tena alikuwa na swali lake. Mzazi akija mbio, macho yamemtoka pima, akianza tu kutaja jina la mtoto, Mama Kipaza anamkatiza: "Hilo la cheti kaa nalo. Mnamwitaje nyumbani?" Hapo ndipo utacheka. Mtu mzima na tai yake shingoni anajikuna kisogo, anainama, ananong'ona, "Tunamwita Panya." Na bustani nzima inasikia: "Panya, Panya, baba yuko kwenye kibanda cha manjano. Njoo, mwanangu." Na Panya huyo, anakuja mbio. Fundi wa bembea, mzee waliyemwita Babu Grisi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona rangi halisi ya viganja vyake, alikuwa akisema ipo siku nchi itapata waziri ambaye wao wanamjua kwa jina la Kikojozi.

Ngoja niwaambie swali hilo lilikotoka, maana si kichekesho.

Mama Kipaza alikuwa na dada yake, mshonaji, na dada alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka minne na nusu. Mtoto alirithi jina la bibi yake, yaani mama yao wale wawili, aliyefariki mtoto akiwa bado tumboni. Na nyie mnajua mambo yalivyo. Nani atathubutu kulipayuka jina la marehemu mama yake, eti fulani acha kuchezea matope? Basi mtoto akaitwa Bibi. Bibi kaa, Bibi kula, Bibi shuka juu ya meza. Jina la cheti lilibaki kwenye cheti, na cheti kilikuwa ndani ya sanduku, chini ya vitambaa.

Siku moja ya mapumziko mama mdogo akamwomba mtoto, ampeleke bustanini. Dada alimvalisha gauni alilomshonea kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya sebuleni, cheupe chenye maua ya buluu, mifuko miwili mikubwa kuliko mtoto mwenyewe. Walipoingia getini mama mdogo akamwonyesha kibanda. "Unakiona kile cha manjano? Ukipotea, nenda pale, nitakuja."

"Mimi sipotei," Bibi akasema.

Watu walikuwa kama siafu. Mama mdogo akanunua aiskrimu mbili, mikono ikajaa, akamwambia mtoto, "Shika gauni langu." Akaanza kwenda taratibu kuelekea kwa wale farasi wa kuzunguka, na kwa nyuma anasikia kabisa gauni linavutwa, mkono mdogo umeshika. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alipogeuka kumpa aiskrimu yake, aliyeshika gauni alikuwa mtoto wa watu. Mtoto mwingine kabisa, naye alidhani kashika gauni la mama yake. Wakatazamana, wote wawili wakaanza kulia.

Kibandani alimkuta karani wa zamu na kalamu yake. "Jina kamili la mtoto?" Na yeye, akili zimeruka, akaona hapa ni ofisini, ofisini huwa wanataka mambo ya ofisini, akataja la cheti. Saa nzima na robo spika zilitangaza jina hilo. Yule mtoto wa watu alichukuliwa na mama yake ndani ya dakika kumi. Bibi hakuja. Angekujaje? Hakuitwa. Pengine alikuwa amesimama chini ya spika, kidole mdomoni, anasikia mtu mzima fulani anatafutwa. Mama mdogo alikuja kuzinduka kwamba mtoto halijui jina hilo, watu wameshatawanyika, bustani imebaki karatasi tupu. Kuanzia kesho yake polisi na majirani walimtafuta mji mzima kwa jina la Bibi, wakabandika matangazo kila ukuta. Lakini kesho yake, jamani, si saa ile.

Hilo la jina hakumwambia mtu. Dada alielezwa habari ya aiskrimu, akaelezwa ya gauni, akasema neno moja tu: "Nilikukabidhi." Tangu hapo wakawa ndugu wa kukutana misibani. Mwaka uliofuata karani akastaafu, na mama mdogo akaiomba kazi ile kama mtu anayeomba maji. Kila mwaka alikipaka kibanda rangi, manjano ileile. Manispaa walipomletea makopo ya rangi ya kijani aliyarudisha mwenyewe, kichwani, hadi stoo. Maana mtoto aliambiwa cha manjano. Ndiyo, mtoto huyo sasa angekuwa mwanamke mzima. Alijua. Alifika mahali anasema akija hata na wanawe, sawa, mradi akikute.

Basi ukaja huo mji wa burudani. Manispaa ikatangaza kwamba bustani ya zamani itang'olewa yote, na mahali pake pajengwe kitu ambacho mji mkubwa kama ule, walisema, ulikuwa unaona aibu kukikosa: treni za kupinduka juu chini, mito ya kuteleza, gurudumu la kuonea mji mzima. Wananchi wakaitwa ukumbini watoe maoni. Mama Kipaza akavaa gauni lake la heshima akaenda kukitetea kibanda. Alikuwa ameandaa habari za miti, kwamba miti ile inatoa kivuli. Angesema nini kingine?

Ukumbi ulifurika. Mhandisi akaonyesha picha, watoto ndani ya picha wote wanacheka. Mwalimu mmoja akasimama akauliza, "Shule yangu ina vyoo viwili kwa watoto mia tisa. Hilo gurudumu litawasaidia kujisitiri?" Ukumbi ukapiga makofi. Kijana fundi umeme akajibu kwamba hivyo vyoo vinasubiriwa tangu yeye yuko darasa la pili, na kazi ni kazi, waache wajenge watu wapate kula. Makofi pia, na mengi. Mama mmoja akasema wanawe wanacheza mpira barabarani katikati ya malori, na hiyo bustani inayoliliwa ina bembea nane, nzima tatu. Babu Grisi aliyekuwa nyuma akaguna, maana ilikuwa kweli. Mama Kipaza mwenyewe moyoni alijua ni kweli. Treni ndogo ya watoto iliyokuwa bustanini ilikufa miaka sita iliyopita. Watoto wa mji ule walistahili kitu kizuri zaidi, na yeye alikaa pale anakipinga.

Ndipo akasikia sauti anayoijua. Dada yake alikuwa amesimama safu ya tatu, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mshonaji. Mimi nasema vunjeni. Hata leo, mkiweza. Nikienda kununua uzi nazunguka mitaa minne nisipite pale. Wekeni treni, wekeni maji, wekeni mnachotaka, mradi mimi nisiione tena ile rangi ya manjano. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akakohoa, akaona ampe nafasi mtu wa kuchangamsha. "Yupo pia Mama Kipaza wetu! Huyu jamani hatuna haja ya kumfundisha kushika kipaza." Watu wakacheka, wakageuka kumtazama. Alipelekewa kipaza sauti. Karani wa kikao akainua kalamu.

"Kwa ajili ya kumbukumbu, mama. Jina lako kamili?"

Mama Kipaza akageuka kumtazama dada yake.

"Ndivyo nilivyoulizwa siku ile," akasema. Miti yote ilikuwa imemtoka kichwani. "Dada, niliulizwa jina kamili. Nikalitaja la cheti."

Dada alikuwa ameshakaa. Akasimama tena, polepole. "Unasemaje?"

"Wakalitangaza la cheti. Saa nzima na robo. Niliogopa kukwambia. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, nikashindwa."

"Kwa hiyo mwanangu hakuitwa?"

"Hakuitwa, dada. Aliitwa mama yetu. Tulikuwa tunamwita marehemu mama."

Mwenyekiti akasema kitu kuhusu yaliyopita si ndwele, na Babu Grisi akamwambia kwa sauti kutoka kule nyuma, "Wee baba, nyamaza." Dada mtu alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akatoka. Mama Kipaza akakirudisha kipaza. Habari ya miti haikusemwa, na sidhani kama ingebadilisha kitu.

Manispaa ikapitisha ujenzi. Mama Kipaza akapewa barua yenye maneno mazuri na nafasi kwenye ofisi ya maji, kupokea simu. Wiki ya mwisho bustani ilifungwa kwa umma, wakabaki mafundi tu. Babu Grisi alikuwa anafungua bembea, nati moja moja, na kila nati anaitukana. Wale farasi walishalazwa kwenye majani, miguu juu. Mama Kipaza alikuwa kibandani anapanga vile viatu vya mguu mmoja, hajui avipeleke wapi, alipoona mtu amesimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

Dada hakuitikia. Aliingia, akaangalia benchi, akaangalia ndoo, akagusa bati kwa ndani.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

"Umekaa humu miaka yote hiyo."

"Nilimwambia aje hapa."

Dada akavuta pumzi ndefu. "Sijakusamehe," akasema. "Usije ukafikiri. Nimetoka nyumbani mara tatu nikarudia njiani." Akakisogelea kipaza sauti. "Umeme bado upo?"

"Mpaka kesho."

"Unabonyeza wapi?"

Mama Kipaza akamwonyesha. Dada akakaa kwenye kile kiti, akaweka kidole, akakiondoa, akaweka tena. Spika zote za bustani zikakoroma. Babu Grisi kule juu ya ngazi akaacha kutukana.

"Bibi," dada akasema. Sauti ikaenda mpaka getini, ikarudi. "Bibi, mama nimekuja. Niko kwenye kibanda cha manjano. Una gauni la maua ya buluu, la mapazia. Usiogope, mama hakugombi. Njoo, Bibi."

Akaachia kitufe. Mafundi walikuwa wamesimama kila mmoja alipo, spana mikononi, na mmoja alivua kofia bila kujua kwa nini. Hakuna aliyetokea getini. Nani angetokea? Dada akakaa anaitazama ile njia ya kokoto, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Huwa mnasubiri muda gani?" akauliza.

"Dakika kumi. Halafu tunaita tena. Mara tatu."

Dada akajisogeza kidogo, akamwachia nusu ya kiti. Mama Kipaza akakaa. Wakasubiri zile dakika kumi.