Meza ya Mama Pétronille

Falone anafanya fotokopi karibu na soko, hapa Kalemie. Ukipita asubuhi anakusalimu yeye kwanza, kabla hujafika mlangoni. Fotokopi njo inamulisha, ndiyo riziki yake. Tovuti ya mama kumi na wawili wauza samaki wakavu aliitengeneza kwa kuombwa, ili wanunuzi wa Lubumbashi waone nani ana ndagala ndogo na nani ana mikebuka mikubwa, bila kupiga simu kumi.

Nilimuuliza kazi ile inakwendaje.

"Papa, sijengi mara kumi na mbili. Naandika kipande kimoja cha muuzaji: picha, jina, simu. Kila mama naingiza vyake humo. Nikibadilisha rangi pale, kwa wote inabadilika."

"Kumbe wewe muvivu."

"Muvivu sana, Papa. Njo maana kazi inaisha."

Kisha Mama Pétronille, mmoja wa mama wale, akafariki. Matanga yalipokwisha, binti yake Laure akarudi kwenye meza ileile, na magunia ya ndagala yanamngoja. Falone akaona vema kutoa jina la marehemu kwenye tovuti na kuweka la Laure, na simu yake. Wiki mbili zikapita, simu haikulia. Ndagala zikaanza kuingia wadudu.

Laure akaja, kitambaa cheusi kichwani.

"Falone, umemuzika mama mara ya pili."

"Ulitaka marehemu aendelee kuuza?"

"Wa Lubumbashi wananijua mimi? Wanajua meza ya mama! Mama Chantal amekufa zamani, wajukuu wake wanauza hapa sokoni mpaka leo kwa jina lake. Kesho kutwa hizi ndagala nitazitupa ziwani zilikotoka."

Falone aligeukia mlango. Akatazama meza za sokoni, moja moja.

"Nimekosea toka chini," akasema. "Nilifikiri kitu kikubwa njo muntu. Kumbe njo meza."

Akaandika kipande kingine, cha meza, jina la meza juu. Kile cha muuzaji hakukitupa. Alikitia ndani ya hiki, kama sahani ndani ya kikapu. Juu ikasomeka Meza ya Mama Pétronille, na ndani yake Laure, picha yake, simu yake. Meza zote kumi na mbili zikapangwa vile. Mama Viviane, muuzaji mwingine, aliposikia akaja mbio.

"Ndani ya yangu weka na mabinti wangu wawili. Watatosha?"

"Hata kumi, Mama."

Kesho yake Laure alikuwa pale pale kwa Falone, na mimi nangoja fotokopi yangu. Simu ya Laure ikalia. Akaifungulia sauti.

"Allô, hiyo njo meza ya Mama Pétronille?"

"Njo yenyewe, Papa. Mama alifariki. Mimi Laure, binti yake. Unataka magunia ngapi?"

Mnunuzi wa Lubumbashi akashusha sauti.

"Pole kwanza, mwanangu. Magunia tutasema baadaye."