Vibao vya Buluu vya Mtaa Wetu

Kijana anayeuza vocha pale ilipokuwa hoteli ya bibi yangu aliniambia, kwa heshima zote, kwamba hapo hapajawahi kuwa na hoteli. "Shikamoo mama. Labda umepotea mtaa." Nikaitika marahaba, nikamwonyesha kizingiti cha jiwe alichokuwa amekikalia, kilicholika katikati kwa miguu ya wateja wa miaka mingi. Akasogea kidogo, akakitazama, kisha akarudi kwenye simu yake.

Nilikuwa nimekuja Ujiji kwa arobaini ya shangazi, na asubuhi ile nikatoka kuuangalia mtaa niliokulia. Kuanzia msikitini hadi mteremko wa kwenda ziwani, kila ukuta umevaa rangi za kampuni za simu. Vibao ni vya plastiki, vimechapwa kwa mashine, na herufi zake zinafanana kama vifaranga wa kuku mmoja. Ukisoma kimoja, umevisoma vyote.

Ngoja nikupangie, msomaji, mtaa ulivyokuwa nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya miaka ya tisini, watu wa ng'ambo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Ukitoka msikitini, wa kwanza alikuwa fundi cherehani, barazani kwake, akikanyaga mashine na kuwasema wapita njia. Wa pili, kinyozi. Wa tatu, mwenye duka la vikorokoro: sabuni ya mche, utambi, chumvi ya kupima kwa kopo. Wa nne, bibi yangu.

Hoteli ya bibi ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne, na uani kulikuwa na mafiga matatu yasiyopoa. Asubuhi kulikuwa na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Mchana ulikuwa wali, au ugali wa muhogo, na samaki mgebuka aliyetoka mwaloni Katonga alfajiri, kapikwa kwa mawese mpaka mchuzi unang'aa kama shaba. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kupepeta mchele na kuchagua dagaa, kutoa mchanga na vijiti. Hadi leo nikisikia ungo unapepetwa mahali, mate yananijaa. Bibi alikuwa na neno lake, akilisema huku akipakua: "Anayekula kwako ni wako." Sisi wajukuu tulilisikia mara nyingi mpaka tukaacha kulisikia.

Siku hizo maduka yetu hayakuwa na vibao. Kila mtu alimjua kila mtu, kibao cha nini?

Kisha akaja fundi mmoja wa herufi, mwandika vibao. Alivuka ziwa na mkewe na mtoto mchanga, wakapata chumba nyuma ya ua wetu, na siku ya tatu akaja kwa bibi na brashi aliyoifunga mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa mbuzi.

"Mama, ukuta yako iko inalia," alisema, kwa Kiswahili cha kwao. "Mi njo wa kuinyamazisha."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia akale kwanza.

Rangi aliipata kwa mafundi wa mitumbwi, masalio ya chini ya makopo. Mitumbwi ya kwetu ilipakwa buluu na nyeupe, kwa hiyo vibao navyo vikawa vya buluu na nyeupe. Alichukua uzi, akaupaka masizi ya chungu, akaniambia nishike ncha moja, akauvuta na kuuachia. Pa! Ukutani ukabaki mstari ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuuona shuleni. Juu ya mstari akaandika "Hoteli ya Bibi, Karibuni Wote," na pembeni akachora sahani ya wali yenye moshi. Wateja walikuwa wakiuinamia moshi ule kama wanaunusa.

Chini, kwenye kona, aliandika jina lake, na chini ya jina, "Uliza hapa hotelini." Kwao ndivyo mafundi wa herufi wanavyofanya, kazi ndiyo inayomtafutia mtu kazi nyingine. Bibi alimuuliza kwa nini anajiandika kwenye ukuta wa mtu. Akajibu, "Mama, kazi bila jina iko kazi ya mwizi."

Nilisoma jina lile kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Leo nimelisahau, na sina wa kumuuliza.

Baada ya hapo kila mmoja alitaka chake. Fundi cherehani alichorewa suruali iliyosimama bila mtu ndani yake. Kinyozi alichorewa vichwa viwili, akalalamika wiki nzima.

"Huyu wa pili kichwa chake kama cha samaki kuhe! Nani atanyoa hivi?"

"Wewe mwenyewe unacho cha kambale," fundi cherehani akamjibu kutoka barazani, "na bado watu wanakulipa uwashike vyao."

Kumbe vijana walikuwa wakija kuonyesha kwa kidole kichwa kile kile cha kuhe: "Ninyoe hivi." Watu wa Mwandiga walishuka kununua sabuni Ujiji ili tu wakaone duka lililochorwa. Mtaa ukawa na uso. Na kwenye kona ya kila kibao, jina lile na maneno yale: uliza hotelini.

Kisha gari lilipita na kipaza sauti. Wakimbizi wote waliomo mjini waende kambini, na anayewaficha atashughulikiwa. Malori yangekuja baada ya siku mbili.

Kesho yake bibi alifunga ushungi akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nami nyuma yake. Balozi hakuwa mtu mbaya. Alisema kuna mlango mmoja mdogo: wenye nyumba watatu wa mtaa wakisimama mbele ya ofisa na kusema huyu tunamfahamu, anaishi nasi, ni mtu wetu, yeye balozi ataandika barua, na ofisa anaweza kumwacha na familia yake. Watatu tu. Ndivyo mtaa ulivyokuwa ukimtambua mtu tangu zamani, hata kwa kuozesha na kuzika.

"Mmoja ni mimi," bibi alisema. "Wawili hawanishindi."

Tulianza kwa fundi cherehani. Nakumbuka hakuacha kukanyaga mashine.

"Bi mkubwa, mimi nina watoto saba."

"Na yeye ana mmoja. Suruali yako ile nani kaichora?"

"Nilimwomba achore. Sikumwomba akae."

"Babu yako alifika hapa kwa mtumbwi kutoka huko huko," bibi alisema polepole, "na babu yangu pia. Nani aliwaambia wasikae?"

Mashine iliendelea. Ukoo wa karibu kila nyumba ya mtaa ule ulitoka Manyema, ng'ambo, na watu walijivunia jambo hilo kwenye harusi. Siku ile hapakuwa na harusi.

Mwenye duka la vikorokoro alijificha chumbani, mkewe akatuambia amekwenda Kigoma mjini. Tulimsikia akikohoa. Kinyozi peke yake alikubali. Alinawa mikono, akasema, "Bi mkubwa, kesho nitakuja." Na wa tatu akapatikana kwa tabu, jirani mzee aliyekuwa akila kwa bibi bila kukosa tangu alipofiwa na mkewe. Usiku ule tulilala tukiwa tumeshinda.

Asubuhi watu walijaa barazani kwa balozi. Malori mawili yalikuwa yameshasimama. Ofisa alikuwa kijana, mpole wa sauti, kalamu mkononi. Kinyozi alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Fundi wa herufi alisimama na mkewe kando, amembeba mtoto mgongoni, na kiroba cha brashi mkononi.

Ofisa alimgeukia jirani mzee kwanza. "Mzee, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Ni mtu wetu." Alisema bila kumeza mate.

"Kinyozi?"

Kinyozi alitazama malori, akatazama mgambo waliokuwa wakiandika majina ya wenye nyumba. "Nimemwona tu," akasema. "Alinichorea ukuta. Mafundi wengi wanapita."

Nilimwona fundi wa herufi akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua.

Balozi akanong'ona kwamba wawili huenda wakatosha, ikiwa mwenye ua anakolala atasema wazi. Ofisa akamgeukia bibi. "Mama, inasemekana anaishi kwako. Kila kibao kinasema aulizwe kwako. Unamfahamu?"

Nilikuwa nimeshika ncha ya kitenge chake. Nilihisi kitenge kikivutika. Bibi alinitazama mimi, akamtazama mgambo mwenye daftari, akatazama upande wa hoteli.

"Anakula kwangu," alisema. "Kama wateja wengine."

Ofisa akaandika.

Fundi wa herufi hakubisha. Alimpandisha mkewe lorini, akampa mtoto, kisha akamgeukia bibi, akasema kwa sauti ya utani, ya kumsaidia: "Mama, kwa kambi hakuna maduka. Sasa mi nitaandika kwa ukuta ya nani?" Bibi alifungua mdomo. Lori liliondoka kabla neno halijatoka.

Jirani mzee alirudi kwake. Hakula tena kwetu.

Mimi nimewasikia wengi wa Ujiji wakikaa na kuuombolezea ule mtaa. Wako walioko Dar, wako walioko nje. Watakwambia mvua iliosha vibao, jua likapausha, watoto hawakutaka biashara za wazazi, kampuni zikaja na rangi zao. Wanayasema kwa uchungu, na baadhi ni kweli. Hoteli ilikufa pamoja na bibi, miaka kadhaa baadaye, na mafiga yakabaki kuwa mawe. Lakini vibao havikungoja mvua wala kampuni. Alasiri ile ile, kabla vumbi la malori halijatulia, fundi cherehani alitoka na ndoo ya chokaa akaanzia kwenye kona ya chini, penye jina. Akaona kona pekee inaonekana kama kidonda, akapaka kibao chote. Kinyozi akafuata, kisha duka. Hakuna aliyeamriwa.

Sisi tulikuwa wa mwisho. Bibi alikaa kwenye benchi, mgongo kwa ukuta, akiangalia ziwa, akaniambia nikoroge chokaa iwe nzito. Nilikoroga. Nilipaka mwenyewe, kuanzia chini kwenda juu, mpaka mkono ukauma, mpaka kwenye moshi wa wali, nao pia nikaupaka.